DAWA YA UNGA HAIYEYUKI KAMA CHUMVI

Huko Bumula, katika Kaunti ya Bungoma, mvua ikizidi ukungu hushambulia nyanya, na mkulima hutia unga wa dawa ya shaba katika bomba la mgongoni ili kunyunyizia shamba lake. Pengine miche ya mistari ya kwanza huungua majani, na ile ya mwisho huoza kana kwamba haikupata dawa kamwe. Mkulima husema ameuziwa dawa mbovu, kumbe huenda kosa limo katika kuchanganya.

Yafaa ijulikane kwamba unga huo hauyeyuki majini. Punje zake huelea tu, na kwa kuwa ni nzito kuliko maji, hutua chini. Punje ndogo hutua polepole: upana wake ukipunguzwa nusu, mwendo wa kushuka huwa robo ya ule wa kwanza. Lakini punje hupenda kushikamana, na zikiwa donge huzama upesi. Kwa sababu hiyo watengenezaji huusaga unga uwe laini mno, kisha hutia vitu vya jinsi ya sabuni, vinavyozizunguka punje zisishikamane.

Wataalamu wa nchi nyingine nao wamepambana na jambo hilo hilo. Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester, Uingereza, walitenga grafini, yaani utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja, kutoka katika grafiti, ambayo ndiyo hutumiwa katika penseli. Tando hizo zikiwa majini hurudi kushikamana. Mwaka 2014 wataalamu wa Trinity College, Dublin, walionyesha kwamba mashine ya jikoni ya kusagia matunda, pamoja na maji na sabuni ya vyombo, yaweza kuzitenga na kuziacha zikielea.

Mkulima hana haja ya mashine. Kwanza apime unga kama ilivyoandikwa kwenye pakiti. Aukoroge ndooni kwa maji kidogo hata uwe kama uji usio na madonge. Aongeze maji, achuje, ndipo amimine katika bomba lililojazwa maji nusu. Asitie sabuni yake bila kumwuliza bwana shamba. Alitikise bomba mara kwa mara, na kila baada ya kupumzika. Wala asichanganye leo dawa ya kesho.

Dawa ni ghali, na katika nyumba nyingi nyanya ndizo karo ya watoto. Kutikisa bomba hakugharimu hata senti moja.