Kishali au Gishari? Majina ya mahali katika Masisi na Walikale

Majina ya mahali ni urithi ambao wenyeji wa Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, huutumia kila siku. Mwanafunzi wa isimu anaweza kuyasoma kama hati za kale, mradi ajue mpaka wa ushahidi wake.

Tuanze na Walikale. Teritwari hii ina sekta mbili: Wanianga na Bakano. Majina yote mawili yanatokana na watu, ila viambishi vyake havilingani. Bakano imebaki na ba-, kiambishi cha ngeli ya watu katika lugha za hapa. Wanianga ina wa- ya Kiswahili, ingawa wenyewe hujiita Banyanga. Kiswahili kilifika bara na misafara ya biashara ya karne ya 19, kisha utawala wa Kibelgiji ukakitumia. Umbo la jina la sekta bado linaonyesha njia hiyo.

Majina ya watu nayo yana mafunzo. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, Candi Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck utenzi wa Mwindo, uliochapishwa mwaka 1969 na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Utenzi wa namna hiyo kwa Kinyanga ni karisi, na bingwa wake huitwa she-karisi. Baba yake Mwindo ni Shemwindo. She- ni baba: mjuzi wa utenzi anatajwa kama baba yake.

Masisi inatupa mfano mgumu zaidi. Eneo la Bashali huitwa Kishali kwa Kihunde, na Gishari kwa Kinyarwanda. Tofauti ya k na g inaelezwa na Kanuni ya Dahl: katika Kinyarwanda, k ya kiambishi huwa g ikiwa silabi inayofuata inaanza na konsonanti isiyo ghuna, kama sh au t. Linganisha kitabu cha Kiswahili na igitabo cha Kinyarwanda.

Lakini herufi hiyo imebeba mzigo. Kuanzia 1937 Wabelgiji walihamishia Masisi familia kutoka Rwanda kupitia Mission d'Immigration des Banyarwanda. Usultani wa Gishari uliundwa, ukafutwa mwaka 1957, na ugomvi wa ardhi ukabaki. Mwaka 1993 mauaji yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Tangu hapo, anayetamka k au g anaweza kudhaniwa amechagua upande.

Kanuni ya sauti inatuambia jina limepita katika lugha gani. Haituambii shamba ni la nani, wala nani mgeni. Kwa hiyo tunapokusanya majina, tuandike maumbo yote, pamoja na lugha ya msemaji na mahali aliposemea. Wazee wengi wanaojua majina ya vilima na vijito wamewahi kukimbilia kambini, mbali na vilima vyenyewe. Kazi hiyo haifai kungojea amani.