Kabla ya kugusa visi ya ralanti

Ilikuwa mu mwezi wa saba, wakati baridi inauma asubuhi na vumbi inafunika njia muchana yote. Tulitoka Kolwezi mbele jua halijapanda, na Land Cruiser ya mazutu, ile HZJ75 ambayo wengi wenu munaijua: chuma mingi, kelele mingi, na nyuma viti virefu viwili vya kuangaliana. Tulikuwa watu kumi na mmoja, wengi wachimbaji, na mama wawili wenye kuuzisha chakula ku kariyeri, masufuria yao katikati ya miguu yetu.

Mu mutelemuko wa kuingia ku kariyeri, shofere alitosha mguu ku aksilereta, akakanyaga ambreyaji ili arudishe vitesi, na moteri ikazimika. Tukasikia paka upepo na mawe chini ya magurudumu. Alikanyaga freni, ikashika. Alikanyaga tena, ikashika kidogo. Mara ya tatu pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, na direksioni nayo ikawa nzito. Akatia vitesi ya kwanza, akaachilia ambreyaji, akavuta freni ya mukono kwa nguvu yake yote. Mutuka ikasimama metre chache mbele ya lori iliyokuwa inapanda. Hakuna mutu aliumia. Sufuria moja ya maharagi ilimwangika yote, na mama mwenyewe akabaki kuiangalia bila kusema neno.

Kisha shofere akatueleza. Juma moja mbele, moteri ilikuwa inatetemeka kila wakati mutuka imesimama. Mu garaji moja ya kando ya njia wakakaza visi ya ralanti, moteri ikapanda, kutetemeka kukapungua. Siku mbili hazikupita, mwenye mutuka akalalamika: inakunywa mazutu, na ukitia vitesi ya kwanza inalia. Wakashusha visi tena, kupita mahali ilikuwaka. Hivi visi ilikuwa inapanda na kushuka kama sauti ya radio, na hakuna mutu aliuliza kwanza moteri ilikuwa inatetemeka juu ya nini.

Kwa wale wasiofungulaka kapo: ralanti ni mwendo wa moteri wakati mguu hauko ku aksilereta. Moteri ya HZJ75 yetu ni 1HZ, silindiri sita, litri 4.2, ile Toyota ilianza kuitia mu Land Cruiser mu 1990. Ralanti yake iko karibu na mizunguko 650 kwa dakika, na zile za mbele yake, 3B na 2H, ziko karibu pale pale. Ikishuka sana, moteri inazimika ukitosha mguu. Ikipanda sana, mutuka inataka kwenda yenyewe, vitesi inakwaruza, mazutu inaisha, na mu mutelemuko wa vitesi ndogo moteri inakusukuma pahali pa kukushika.

Lakini juu ya nini freni ilikufa? Hapa njo wengi hawajui, na siye wenyewe hatukujua. Freni ya mutuka hizi inasaidiwa na nguvu ya kuvuta hewa. Moteri ya esansi inavuta ile hewa yenyewe. Moteri ya mazutu haina ile nguvu, njo maana waliitilia pompi kidogo, inazunguka pamoja na moteri. Moteri ikizimika, pompi inasimama. Inabaki akiba ya kukanyaga mara moja ao mbili, kisha unabaki na nguvu ya mguu wako tu. Kwa mutuka tupu mu njia ya sawa, utafika. Na watu kumi na mmoja mu mutelemuko, ni mambo mengine.

Siku ile ile tuliipeleka mutuka kwa fundi mumoja wa zamani, mzee aliyezeekea mu mazutu. Shofere alianza vile tunaanzaka wote.

— Baba fundi, utupandishie tu ralanti kidogo.

— Mudogo, bamekupandishia mara ngapi?

— Mara moja, Baba. Kisha bakashusha.

— Na haikupona. Basi uniache nianze na mazutu. Ile visi haitakimbia.

Alitia chupa ya mayi ya kunywa, tupu na safi, chini ya filtri ya mazutu, akalegeza kile kifungo cha chini, akapampu na mukono juu ya filtri. Chupa ikajaa nusu. Akaiweka juu ya ukuta, akatuambia tungoje. Kisha dakika chache tukaona wote: juu mazutu ya manjano, chini mayi, na chini ya mayi uchafu mweusi. Mayi ni nzito kupita mazutu, kwa hiyo inashukaka yenyewe. Shofere alinyamaza. Alikuwa anauza mazutu kwa bakadhafi wa barabarani, mu bidoni za plastiki, kwa sababu iko karibu na bei inazungumuzika. Hatumulaumu, nani kati yetu hajafanya vile? Lakini kama unauza kule, utoe mayi ya filtri kila juma, na usichukue ile mazutu ya mwisho ya bidoni.

Kisha akakata kipande cha tiyo ya plastiki yenye kuonekana ndani, akaiunga mu njia ya mazutu karibu na pompi, akawasha moteri. Mu ile tiyo mulikuwa mapovu, madogo, yanapita moja moja. Hewa. Ilikuwa inaingia mu tiyo ya zamani ya mupira, ile imepasukapasuka nywele nywele, mazutu haitoki inje lakini hewa inaingia. Moteri ya mazutu inayokunywa hewa inatetemeka, inashuka, inazimika. Ukiikazia visi, inaficha kidogo, lakini hewa iko paka inaingia. Tiyo mupya, metre moja na nusu, na vifungo vyake, njo dawa yote.

Filtri ya hewa nayo akaitosha, akaigonga ku mupira wa gurudumu, na vumbi iliyoanguka ingetosha kupanda mboga. Wakati wa vumbi, mu njia za lori za madini, filtri ile inataka kuangaliwa kila siku mbili tatu.

Paka pale njo akagusa visi. Tunaandika vile alifanya, kwa sababu wengi wenu munafanyaka wenyewe nyumbani.

Kwanza moteri ipate moto sawasawa, kisha mwendo wa nusu saa. Hii si mambo madogo mu Katanga: mwezi wa sita na wa saba, asubuhi moteri ya baridi inakwenda vibaya, mutu anakaza visi, na saa sita muchana ralanti iko juu sana. Kwa asubuhi ya baridi, HZJ75 iko na tirete yake ku tablo: unaivuta kidogo, moteri inapanda, ikipata moto unairudisha. Fundi aliangalia kama ile tirete imerudi yote. Akazima klima na mataa. Akatosha waya wa aksilereta ku pompi, kwa sababu waya ukivuta hata kidogo, mukono wa pompi haulali juu ya visi, na utazungusha visi bure mpaka kesho.

Visi ya ralanti njo ile mukono wa pompi unaegamia wakati umerudi nyuma. Iko na ekuru ya kuifunga. Alilegeza ekuru na ufunguo, akashika visi na turnevisi. Kukaza kunapandisha, kulegeza kunashusha, robo ya muzunguko, kisha unangoja moteri ikae. HZJ75 nyingi hazina saa ya mizunguko ku tablo. Fundi alikuwa amebandika kakaratasi ka kung'aa ku puli kubwa ya mbele, moteri ikiwa imezimwa, akapima kwa kamashini ka mwangaza. Ilikuwa 540. Akaipeleka 650. Mwenye hana kamashini anafuata masikio, na masikio ya fundi wa zamani haikosei sana. Lakini masikio yetu siye, tusiiamini. Na mama zetu wanaosimamaka karibu kuangalia: kitambaa na nguo ndefu mbali na kourroi na feni.

Akafunga ekuru, akarudisha waya na nafasi kidogo ya kulegea. Akawasha mataa yote, akazungusha direksioni mpaka mwisho, akapandisha moteri na kuachilia mara moja. Ilishuka, ikakaa, haikuzimika. Kisha akapima freni: moteri imezimwa, alikanyaga pedali mara tano mpaka ikawa ngumu, akaacha mguu juu yake, akawasha. Pedali ikashuka kidogo chini ya mguu. Ile kushuka inaonyesha msaada wa freni unafanya kazi. Isiposhuka, usitoke mu kiwanja.

Ku pompi ile ile iko visi zingine, moja imefungwa na waya na risasi ao rangi. Ile ni ya mwisho wa mwendo, na ingine ni ya kipimo cha mazutu. Vijana wengi wanaizungusha ili mutuka ipate nguvu, na inachopata ni moshi mweusi. Hapana kugusa. Na kama kutetemeka kunabaki kisha mazutu, hewa na filtri viko sawa, ugonjwa uko ku injekteri ao ndani ya moteri. Mufundi anatafuta silindiri mugonjwa kwa kulegeza tiyo za injekteri moja moja. Usifanye vile na mukono mutupu, kwa sababu mazutu inatoka pale na nguvu ya kupasua ngozi na kuingia mu damu.

Ile moshi inatupeleka ku neno moja ingine. Mamutuka mengi yanangojaka ku kariyeri saa nzima, ralanti inazunguka, radio inaimba, watoto wanacheza nyuma ya tiyo ya moshi. Moteri kubwa kama hii, saa moja ya kusimama hivi inakunywa karibu litri moja. Mu 2012 CIRC, shirika la OMS linalochunguza kansa, liliandika moshi ya mazutu kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa watu, na kati ya kazi walizotazama kulikuwa uchunguzi juu ya wafanyakazi zaidi ya 12.000 wa mine za Marekani, zenye kutumia mashini za mazutu chini ya udongo. Mu shimo ao mu hangari yenye kufungwa, ralanti nzuri ama mbaya, uzime.

Tulirudi ku kariyeri siku ya tatu. Mu mutelemuko ule, shofere alitia vitesi ndogo juu kabisa, mbele ya kuanza kushuka, na moteri ikatushika mpaka chini. Mama wa maharagi alikuwa ameketi mbele safari hii, sufuria juu ya magoti. Ile ya kwanza tulikuwa tumemulipa, lakini alituambia bei yake ya siku ile ilikuwa ya asubuhi, na ku kariyeri bei ya saa sita iko juu. Tukaongeza.