Joseph Smith Katika Mizani ya Tarihi

Dini nyingi za ulimwengu zilizaliwa katika zama ambazo maandishi yalikuwa haba, na mashahidi wake wamekwisha kuwa mavumbi, hata mwenye kuzichungua hujikuta akipapasa gizani. Lakini Umormoni ulizaliwa juzi tu, mwaka 1830, katika jimbo la New York huko Marekani, mahali palipokuwa na magazeti, mahakama, mitambo ya chapa na majirani waliojua kuandika. Kwa sababu hiyo madai ya mwasisi wake, Joseph Smith, yanapimika kwa namna ambayo madai ya manabii wengi hayapimiki, na ni wajibu kuyapima kwa insafu, bila ya kejeli na bila ya woga.

Joseph alizaliwa Vermont mwaka 1805 katika nyumba ya mkulima maskini, akakulia karibu na kijiji cha Palmyra, New York, katika nchi ambayo wahubiri wa kila madhehebu walikuwa wakishindana kuwavuta watu. Alisema kwamba mwaka 1823 malaika aitwaye Moroni alimjulisha habari za mabamba ya dhahabu yaliyofukiwa katika kilima cha jirani, yenye tarihi ya watu waliotoka Yerusalemu wakahamia Amerika yapata miaka 600 kabla ya Kristo. Kwamba mwaka 1827 aliruhusiwa kuyachukua. Na kwamba aliyafasiri kwa uwezo wa Mungu, kisha malaika akayatwaa. Kitabu cha Mormoni kilichapwa Palmyra mwezi wa Machi 1830, nakala 5,000, kwa dhamana ya mkulima Martin Harris, aliyeweka shamba lake rehani.

Namna ya kufasiri kwenyewe yafaa itazamwe kwa karibu. Kwa ushuhuda wa mkewe, Emma, na wa rafiki yake David Whitmer, Joseph alitia jiwe dogo ndani ya kofia, akazamisha uso wake humo hata mwanga ukazibwa, akatamka maneno aliyosema kuwa anayaona, na karani akaandika. Mabamba, asema Emma, yalikuwa mezani yamefunikwa kitambaa. Mambo ya mawe ya namna hii hayakuanza siku hiyo, kwani kabla yake Joseph aliajiriwa na watu kuwatafutia hazina zilizofukiwa ardhini, na mwaka 1826 alifikishwa mbele ya hakimu huko Bainbridge kwa shauri la kazi hiyo. Kwa muda mrefu picha za kanisa zilimwonyesha akisoma mabamba wazi mbele yake, mpaka mwaka 2015 kanisa lenyewe lilipoitoa hadharani picha ya jiwe la rangi ya kahawia, lenye umbo la yai.

Hata hivyo, wanaomtetea hawakukosa hoja. Husema kwamba kijana wa miaka 23, ambaye kwa kauli ya mkewe hakuweza kutunga barua nzuri, aliimla sehemu kubwa ya kitabu kile kwa muda usiotimu miezi mitatu. Kwamba Oliver Cowdery, David Whitmer na Martin Harris walitia sahihi kuwa malaika aliwaonyesha mabamba, na wengine wanane kuwa waliyashika kwa mikono yao. Kwamba wale watatu wote walikosana na Joseph wakatoka kanisani, na Whitmer hakurudi tena, lakini alishikilia ushahidi wake hata alipokufa mwaka 1888. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Wafuasi huuliza, basi mbona njia hii imefika hadi Nairobi, ambako hekalu lao liliwekwa wakfu mwaka 2025?

Hoja hizi zanizuia kumwita Joseph laghai kwa wepesi, na aliyeuawa na kundi la watu wenye silaha katika jela ya Carthage, mwezi wa Juni 1844, hastahili kuhukumiwa kwa matusi. Walakini ikhlasi ya shahidi haithibitishi ukweli wa jambo alishuhudialo, na wale wanane wote walikuwa ama wa nyumba ya Smith, ama wa nyumba ya Whitmer na mkwe wao. Kitabu nacho chataja farasi, feleji na ngano katika Amerika ya kale, vitu ambavyo wachimbuzi wa mambo ya kale hawajavithibitisha kuwapo kwa watu wa zama zile. Yangalikuwapo mabamba, shauri lingalikwisha, nayo hayapo.

Lakini ipo kazi nyingine ya Joseph ambayo asili yake imesalia. Mwaka 1835, huko Kirtland, Ohio, yeye na wenzake walinunua kwa dola 2,400 maiti nne za Misri zilizokaushwa, pamoja na mafunjo yenye maandishi, naye akatangaza kuwa humo mna maneno ya Nabii Ibrahimu. Tafsiri yake, iliyochapwa mwaka 1842, ndiyo Kitabu cha Ibrahimu, ambacho ni maandiko matakatifu kwa Wamormoni hata leo. Ilidhaniwa kuwa mafunjo yaliteketea katika moto wa Chicago wa mwaka 1871, hata mwaka 1966 vipande vikaonekana katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, vimegandishwa juu ya karatasi zenye michoro ya hekalu na ramani za Ohio, alama isiyo na shaka ya mahali vilikotoka. Wataalamu wa Misri, Wamormoni na wasio Wamormoni, wakavisoma: ni maandishi ya maziko, mengine ya marehemu aitwaye Hor, ya karne nyingi baada ya zama za Ibrahimu, wala jina la Ibrahimu halimo. Katika picha moja Joseph alisema Ibrahimu amelazwa madhabahuni na kuhani amesimama tayari kumchinja. Wataalamu wanamtambua Anubis, mungu mwenye kichwa cha mbweha, akimhudumia marehemu, na pale funjo lilipochanika, chapa ya mwaka 1842 ilijaza kichwa cha binadamu.

Kanisa lilikiri katika maelezo yake ya mwaka 2014 kwamba vipande vilivyosalia havilingani na kitabu, likasema huenda asili ilikuwa katika sehemu iliyopotea, au mafunjo yalikuwa kichocheo tu cha wahyi. Kukiri huko ni jambo la kusifiwa. Lakini jibu lenyewe halipimiki, na Joseph aliiita kazi yake tafsiri. Hapa tunapoweza kulinganisha neno lake na asili, neno halikusimama.

Wala jambo hili si mchezo wa wanazuoni, hususa kwetu Waafrika. Joseph akiwa hai, mtu mweusi, Elijah Abel, alitawazwa mzee wa kanisa mwaka 1836. Brigham Young, mrithi wake, akatangaza mwaka 1852 kuwa watu weusi wasipewe ukuhani, na viongozi waliofuata wakazitegemea aya za Kitabu cha Ibrahimu, zinazosema juu ya ukoo wa Farao ulionyimwa ukuhani, kuitetea amri hiyo mpaka ilipofutwa mwezi wa Juni 1978. Tafsiri isiyothibitika ilitumika kuwafungia mlango watu wazima, wenye imani na akili timamu, kwa muda wa vizazi vitatu na zaidi. Kwa hiyo kila anayeletewa Kitabu cha Mormoni kwa Kiswahili ana haki ya kuletewa pamoja nacho habari za jiwe, za mashahidi na za mafunjo, aziweke zote mbele yake kabla ya kubatizwa. Na mhubiri azifichaye anamdhulumu msikilizaji wake, hata kama yeye mwenyewe anaamini kwa moyo safi.