Kabla ya kununua ampule mpya: fare ya pikipiki yako inaomba nini?

Leo siongei mbolea wala mbegu. Naongea ampule ya pikipiki.

Kisha kupata diplome, wengi wetu kitu cha kwanza tunatafuta haiko gari, iko pikipiki. Mmoja inampeleka shambani, mwingine inampeleka kazini upande wa Luilu ao Fungurume, mwingine anampa kijana aifanyishe taksi kule Manika na Dilala. Na sisi wote tuko na malalamiko moja: usiku fare haionyeshi kitu. Basi tunaenda sokoni, tunaomba ampule «ya nguvu zaidi».

Mimi nilifanya vile. Pikipiki yangu inavaa ampule ya wati 35. Muuzaji akaniambia: «Ingenyeri, iyi njo ya kweli, wati 60. Ukiweka iyi, utaona paka Likasi!» Iliingia kwa kulazimisha kidogo na tupa. Siku ya kwanza, mwanga mzuri kabisa. Kisha wiki mbili, nilikuwa natoka shambani saa moja na nusu ya usiku, kwa barabara ya Likasi, nyuma ya lori. Nikasikia harufu ya plastiki inaungua. Fare ikapunguka, ikazima. Mbele yangu kulikuwa papa mmoja anasukuma kinga yenye kubeba makala, bila taa hata moja. Nilimpita karibu kama urefu wa mkono. Sikumwona, nilimsikia akilia.

Kesho yake mekanisye alifungua fare, akaona soketi imeyeyuka. Akaleta multimetre, akapima, akacheka: «Ingenyeri, ile ampule yako ya kwanza haikuwa mubaya. Ilikuwa na njala.» Neno hilo njo sababu ya andiko hili. Mara nyingi ampule yetu haikosi nguvu. Inakosa chakula.

Njala ya ampule

Ampule ya kawaida (halojeni) inatoa mwanga kwa sababu uzi wake wa tungsteni unapata moto mkali. Uzi huo ni mwepesi sana kwa mabadiliko ya volti. Ukiupunguzia volti 10 kwa 100, mwanga haupunguki 10. Unapunguka karibu 30 kwa 100. Sasa fikiri: kwenye batri kuna volti 13,2, lakini kwenye ampule zinafika 11,7 tu. Umepoteza volti moja na nusu njiani, na karibu sehemu moja ya tatu ya mwanga imekwenda nayo. Hakuna ampule ya sokoni itakayokurudishia hiyo.

Volti hizo zinapotelea wapi? Kwenye swichi ya mkononi iliyojaa vumbi, kwenye viunganisho vilivyoshika kutu wakati wa mvua, kwenye waya mwembamba uliofungwa na skoch, na zaidi sana kwenye masa, ule waya unaorudi kwenye chuma cha pikipiki. Sisi watu wa Lualaba tunakaa juu ya shaba, malori yanaipitisha mbele yetu mchana na usiku, lakini fare zetu zinakufa kwa kukosa waya mzuri wa shaba. Hiyo inaniuma kidogo.

Kupima ni rahisi. Washa motere, ipe gazi kidogo, washa fare. Pima volti kwenye batri. Kisha pima kwenye soketi ya ampule, ampule ikiwa ingali inawaka. Tofauti ikipita nusu volti, usinunue kitu kwanza. Safisha swichi na viunganisho, kwaruza masa mpaka chuma kiangaze, badilisha waya mubaya. Ukitaka kufanya vizuri zaidi, weka rele: waya wa shaba wa milimita mraba 1,5 unatoka batri, unapita kwenye fizibu, unaenda moja kwa moja kwenye fare, na swichi inabakia kazi ya kuamuru rele tu.

Lakini angalia: jaribio hilo ni la pikipiki ambayo fare yake inakula kwenye batri. Kuna zingine zinakula moja kwa moja kwenye altanata. Kuzijua: zima motere, acha kontakti wazi, washa fare. Ikiwaka vizuri, ni batri. Isipowaka, na motere ikitembea mwanga unapanda na kushuka pamoja na gazi, basi mara nyingi ni altanata. Kumbuka jibu hilo, litarudi tukifika kwa LED.

Soma maandishi kwenye ampule, usisome kartoni

Sasa tuseme volti zinafika vizuri na ampule imezeeka kweli. Toa ile ya zamani, soma kile kimeandikwa kwenye chuma chake. Pikipiki nyingi zinazotembea huku kwetu, kama Boxer na TVS, zinavaa ampule ya HS1, volti 12, wati 35/35. Zingine ndogo zinavaa ile yenye kitako cha mviringo, BA20d. Nunua ileile.

Ile ya wati 60/55 waliyoniuzia inaitwa H4. Inafanana sana na HS1, ni vipembe vya kitako tu vinatofautiana, njo maana watu wanazikata na tupa. Ni kweli H4 inatoa mwanga mara mbili: kipimo chake ni lumeni 1650 kwa mwanga wa mbali na 1000 kwa mwanga wa karibu, na HS1 ni 825 na 525. Lakini ile ni ampule ya gari. Wati 35 zinavuta ampea karibu 3. Wati 60 zinavuta 5. Altanata ya pikipiki ndogo haikutengenezwa kwa hesabu hiyo. Batri inashuka pole pole, waya zinapata moto, soketi inayeyuka, na kioo cha ndani kinaungua rangi. Mimi nililipa ampule, soketi, na nusura nilipe maisha ya mtu.

Angalia pia alama ya E ndani ya duara na namba pembeni: E1 ni Ujerumani, E2 ni Ufaransa, E4 ni Uholanzi. Maana yake ampule ilipitishwa kwenye kipimo cha nchi hiyo. Watu wanaiga alama, ni kweli, lakini ampule isiyo na alama yoyote haijajaribu hata kudanganya.

Mwanga mwingi ao maisha marefu: chagua moja

Hapa njo watu wengi wanadanganyika. Kwa halojeni, huwezi kupata vyote viwili. Ampule zenye kuandikwa «+50%» ao «+100%» hazitoi mwanga mara mbili. Zinakusanya mwanga vizuri zaidi sehemu moja ya barabara, na uzi wake unafanya kazi kwa moto mkali zaidi, basi unakufa mapema. Zile za «maisha marefu» zinafanya kinyume: uzi unadumu, mwanga ni mpole kidogo. Na zile za kioo cha bluu, zinaonekana za kisasa, lakini rangi ile inameza sehemu ya mwanga. Usiku uko na deni la mwanga, halafu unanunua kitu cha kuupunguza?

Kwa mtu wa mashimo na vumbi kama sisi, mimi nashauri ampule ya kawaida ya fabrike inayojulikana, ao ile ya maisha marefu yenye kuvumilia mtikisiko. Na kuna mambo matatu yanayoiua mapema:

1. Volti zikizidi. Zikipita 5 kwa 100 juu ya kipimo, maisha ya ampule yanakatika karibu nusu. Kama unabadilisha ampule kila mwezi, acha kulaumu muuzaji, pima regulatere. Motere ikitembea, batri ikae kati ya 13,5 na 14,5. Ukiona 15 ao zaidi, regulatere imekufa.
2. Vidole. Usishike kioo cha halojeni na mkono. Mafuta ya ngozi yanaungua juu ya kioo na kukiharibu. Shika kitako, ao tumia karatasi safi.
3. Mtikisiko. Uzi ukiwa na moto unakuwa laini. Ampule yenye kucheza ndani ya soketi haitadumu. Kaza fare, angalia raba zake.

Na LED?

LED nzuri inakula kidogo, wati 10 mpaka 18, na inatoa mwanga zaidi ya HS1. Kwa pikipiki ndogo ni jibu la kweli. Lakini nne kwa masharti.

Kwanza, vile vidoti vinavyowaka vikae mahali palepale uzi ulikuwa, na kwa mwanga wa karibu kuwe na kikombe kidogo cha chuma chini yake kama kwenye HS1. Kikombe kile njo kinazuia mwanga usipande juu. LED isiyokuwa nacho inamwaga mwanga pande zote: inapofusha mtu wa mbele, na wakati wa kiangazi, mwanga unaopanda unagonga vumbi la malori na kukurudia machoni. Unaona ukuta mweupe, hauoni barabara.

Pili, joto la LED halitoki mbele, linabakia nyuma. Zenye feni ndogo, vumbi letu linaziziba. Chagua yenye mapezi ya aliminiyomu bila feni.

Tatu, kama fare yako inakula kwenye altanata, LED ya kawaida itapepesa ao itaungua. Omba ile inayokubali mkondo wa aina zote mbili.

Nne, usiamini kartoni inayosema «wati 80, lumeni 10 000» kwa kitu chenye ukubwa wa kidole gumba. Joto la wati 80 lingekiyeyusha.

Mwisho, ielekeze

Ampule nzuri kwenye fare yenye kuangalia nyota ni pesa ya bure. Jioni, simamisha pikipiki mita 10 mbele ya ukuta, wewe ukikaa juu yake, na mzigo wako wa kila siku nyuma. Mzigo una maana: gunia la mahindi ao abiria wawili wanainua pua ya pikipiki. Ukingo wa juu wa mwanga wa karibu ukae chini ya urefu wa fare kwa sentimita 10 mpaka 20. Kisha panguza kioo. Kama kimekuwa manjano, kisugue na dawa ya meno na kitambaa laini, utashangaa.

Kwa nini nasumbuka hivi kwa kitu kidogo? Tufanye hesabu. Kwa kilometa 60 kwa saa, kabla akili haijaamuru breki, umekwisha kwenda mita 25. Breki zinaongeza mita 25 zingine kwenye lami kavu, na zaidi kwenye vumbi. Ni mita 50. Fare yenye njala haikuonyeshi mita 50. Kwa kilometa 40, unahitaji karibu mita 30 tu. Kwa hiyo dawa ya kwanza haina bei: mpaka siku utakapotengeneza fare, punguza mwendo usiku.

Yule papa wa makala sikumjua jina. Lakini kila jioni wako wengi kama yeye kwenye barabara ile, na hawana taa. Taa yao ni ile yetu.