Kundi, Tundu na Jiwe la Tabaka

Miongoni mwa vinyago vinavyochongwa Tabaka, huko Kisii, kimo kile cha watu waliosimama kwa duara juu ya kitako kimoja, mikono ya kila mmoja ikiwa mabegani mwa jirani zake, wote wakiwa wametolewa katika jiwe moja laini. Ichukuliwe kwamba watu hao ni watano na wanafanana. Kinyago kikizungushwa kwa sehemu moja ya tano ya duara, jicho halitambui kwamba kimeguswa. Mizunguko ya namna hiyo ni mitano, pamoja na ule wa kutokizungusha kabisa. Miwili ikifuatana huzaa mwingine uliomo katika hiyo mitano, na kila mmoja una wa kuutangua. Mkusanyiko wa vitendo wenye sifa hizi ndio uitwao kundi katika hisabati. Urembo wa ekee, kikapu cha kuandalia ugali wa wimbi katika nyumba za Kisii na Nyamira, waweza kuchunguzwa kwa njia iyo hiyo.

Dhana ya kutangua si ngeni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Funga hutanguliwa na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua. Hiyo ndiyo kauli ya kutendua. Tena aliyekunja nguo kisha akaifunga hana budi kufungua kwanza ndipo akunjue, na kanuni hiyo ya kugeuza mfuatano hutawala kila kundi. Tofauti ni kwamba lugha ina mapengo (pika haina pikua), ilhali kundi haliruhusu pengo lolote.

Topolojia, kwa upande wake, haijali ukubwa wala mnyooko. Huuliza tu yale yanayosalia umbo likivutwa kama udongo mbichi bila kukatwa wala kuungwa. Hapa Kiswahili kina hazina: shimo lina mwisho, tundu hupenya. Kishimo kilichochimbwa juu ya jiwe chaweza kusawazishwa, tundu haliondoki. Kinyago cha watu watano kina matundu matano, yaani nafasi zilizo kati ya miili. Mtazamaji hushawishika kuongeza la sita, mdomo ulio juu, lakini huo si tundu la kujitegemea, kwa kuwa hutokana na hayo matano. Mkono mmoja ukivunjika, matundu hubaki manne, ilhali mizunguko hushuka kutoka mitano hadi mmoja, ule wa kutozungusha.

Aliyeziunganisha taaluma hizi mbili kwa kina ni Max Dehn, Mjerumani aliyezaliwa Hamburg mwaka 1878. Henri Poincaré alikuwa ameonyesha mwaka 1895 kwamba njia za uzi unaopita matunduni na kurejea ulikoanzia huunda kundi. Dehn alilitumia kundi hilo mwaka 1914 kuthibitisha kwamba fundo sahili kuliko yote, la mkono wa kulia, haliwezi kamwe kugeuzwa kuwa la mkono wa kushoto. Kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi, aliondolewa katika Chuo Kikuu cha Frankfurt mwaka 1935. Alikimbilia Norway, kisha akavuka Siberia na Japani hadi Marekani. Tangu 1945 hadi kifo chake mwaka 1952 alifundisha Black Mountain College, chuo kidogo cha sanaa ambako wachoraji walijifunza jiometria kwake. Mchonga jiwe wa Tabaka asingekuwa mgeni darasani humo.

Swali lake kuu, la mwaka 1911, huitwa tatizo la neno. Vitendo vya kundi vikiandikwa kama herufi, mfuatano wake ni neno; je, ipo njia ya kuamua, kwa hatua zenye kikomo, kama neno refu ni sawa na kutotenda lolote? Pyotr Novikov alithibitisha mwaka 1955 kwamba yako makundi ambayo njia hiyo haipo. Mwanafunzi wa Kenya hufundishwa haya kwa Kiingereza, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) haitaji hisabati katika anwani yake. Hata hivyo kundi, tundu, fundo, neno na kutangua vimo tayari vinywani mwa wasemaji, vikisubiri kupewa fasili.