Upungufu wa Nguvu za Kiume

Mtu apungukiwapo na nguvu za kiume huona haya kusema, hata kwa mkewe. Pengine hudhani amerogwa, naye huenda kwa siri kwa wachuuzi wa mizizi sokoni Tengeru au Ngaramtoni.

Yafaa ajue kwamba mara nyingi asili ya ugonjwa huu ni mishipa ya damu. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo. Basi ikianza kuziba kwa sababu ya kisukari, shinikizo la damu au tumbako, dalili huonekana hapo kwanza, pengine miaka kadhaa kabla ya moyo wenyewe kuugua. Pombe nayo hudhuru, kadhalika huzuni na wasiwasi.

Mganga hospitalini, kama ile ya Mount Meru mjini Arusha, humwuliza: je, alfajiri uume husimama wenyewe? Ukisimama, yaelekea sababu ni mawazo. Kisha hupima sukari na shinikizo la damu.

Dawa ya sildenafili, iliyoanza kuuzwa mwaka 1998, huwafaa wengi. Lakini anywaye dawa za nitrati kwa maumivu ya kifua asiimeze kamwe, maana shinikizo hushuka ghafula hata kuua. Na unga wa wachuuzi umeonekana katika nchi nyingi kuchanganywa na dawa hiyo hiyo, mnunuzi asijue.