Mboga za Ziwani: Maziwa, Magadi au Nyanya? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulizizungumzia mboga za kienyeji zikiwa bado sokoni, zimefungwa mafungu na kupangwa juu ya magunia pale soko la Kibuye mjini Kisumu. Leo tunaziingiza jikoni, na huko ndiko ugomvi unakoanzia. Nyumba nyingi za Kisumu zina watu wanaokula kutoka sufuria moja lakini hawakubaliani kabisa mboga iiveje. Mmoja anaitaka osuga, yaani mnavu, iliyolainika kabisa, imenyweshwa maziwa, imelala usiku mmoja au miwili. Mwingine anaitaka imekaangwa kwa kitunguu na nyanya, ingali kijani, ingali na ukakasi wa jani. Wa tatu haigusi kwa sababu ya uchungu wake, anaomba sukuma wiki.

Watu huusema ugomvi huu kuwa ni wa umri, wazee wa mashambani upande mmoja na vijana wa mjini upande wa pili. Naona hoja hiyo ni nyepesi mno. Kila jani lina tabia yake, na upishi wa ukanda huu wa ziwa, kutoka Usenge na Bondo hadi Kendu Bay na Homa Bay, ulijengwa juu ya tabia hizo. Anayekosea ni yule anayepika majani yote kwa njia moja, iwe njia ya nyanyake au ya kitabu cha afya.

Tuchukue uchungu kwanza. Osuga, ambayo sehemu nyingine za Kenya huitwa managu na Pwani mnavu, ina kemikali za jamii ya alkaloidi ambazo mmea hujitengenezea ili wadudu na wanyama wasiumalize. Tunda bichi la kijani ndilo linalobeba nyingi zaidi, na ndiyo maana mchambuaji makini hulitoa asiliache lianguke kwenye sufuria. Dek, yaani saga, au mgagani kwa Watanzania, ina uchungu wa ukoo mwingine kabisa. Wake hutokana na glukosinolati, kundi lile lile linaloipa haradali ukali wake na kabichi harufu yake inapochemka. Aina nazo hazilingani. Osuga ya majani mapana, yenye matunda ya zambarau, ni pole. Ile ya majani madogo yenye matunda ya rangi ya chungwa huwa kali zaidi. Mteja anayelalamika kwamba mpishi wake "ameharibu" osuga huenda aliletewa aina tofauti na ile aliyoizoea.

Sasa tazama mpishi mzoefu anavyofanya. Majani ya dek huchambuliwa moja moja kutoka kwenye kikonyo, mashina magumu yanatupwa, kisha yanaoshwa mpaka maji yatoke bila mchanga. Yanaingia kwenye maji yanayochemka, sufuria inafunikwa. Baada ya muda anachota mchuzi kidogo kwa mwiko na kuuonja. Ukiwa mchungu kupita kiasi anaumwaga kiasi, kisha anaongeza maziwa na kupunguza moto. Maziwa yanatokota, yanazama kwenye majani, yanakauka; anaongeza mengine. Jioni mboga haijaisha, wala haikukusudiwa kuisha. Kesho yake inachemshwa tena na kunyweshwa maziwa tena, au malai aliyoyaengua juu ya maziwa mala, na ikiwa nyumba ina bahati, kijiko cha samli, ile *mo dhiang'* ambayo harufu yake hutangulia sahani mezani. Siku ya tatu jani limeshapoteza ubishi wote. Katika vibanda vya chakula vya mtaa wa Kondele utasikia mteja akiuliza kabla hajaketi:

"Mama, osuga ya leo ni ya kukaanga?"

"Ni ya maziwa, nyathina. Ililala."

Na mteja anaketi.

Kinachotendeka humo chunguni kinaelezeka. Protini za maziwa, hasa kasini, hushikana na kemikali nyingi zenye ukakasi na uchungu, kwa hiyo ulimi unazipata kidogo. Mafuta ya maziwa huubeba uchungu mwingine na kuupunguzia makali. Kwa ododo, ambayo ni mchicha, kuna faida ya ziada. Mchicha una oksalati nyingi, na kalisi iliyo kwenye maziwa huzishika kabla hazijafyonzwa mwilini. Kisha kuna jambo ambalo wataalamu wa lishe walichelewa kulisisitiza, nalo ni kwamba rangi ya karotini iliyomo kwenye majani haya, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, haifyonzwi vizuri bila mafuta. Kijiko cha samli kwenye dek kina kazi zaidi ya kunogesha.

Jambo hili linanivutia zaidi ninapotazama majirani. Mswahili wa Pwani hana desturi kubwa ya maziwa ya ng'ombe kwenye mboga, lakini mnavu na mchicha wake huvipikia tui la nazi. Waacholi na Walango wa kaskazini mwa Uganda, ambao lugha yao ni jamaa ya Kijaluo, hutia mboga zao kali uji mzito wa simsim au njugu karanga zilizosagwa. Watu watatu walio mbali mbali, kila mmoja ameshika kile alichonacho karibu, na wote wamefikia jibu moja: jani chungu hutafutiwa mafuta. Sukuma wiki iliyokaangwa inafuata kanuni hiyo hiyo, ila kwa mafuta ya dukani.

Apoth inadai mambo mengine. Huyu ndiye mrenda, jani lile lile ambalo Wamisri hulipikia supu yao ya mulukhia, na utelezi wake hutokana na sukari ndefu zinazovimba ndani ya maji. Ukimchemsha pasipo kitu, mrenda hubaki na nyuzinyuzi na rangi yake hufifia. Ndipo magadi yanapoingia. Magadi ni alikali. Hulegeza kuta za seli hivi kwamba jani hulainika upesi, na huzuia asidi ya jani lenyewe isiiharibu rangi ya kijani. Zamani kazi hii ilifanywa na maji yaliyochujwa kupitia majivu ya mimea iliyochomwa, na baadhi ya wazee bado wanayapendelea kwa sababu ladha yake haikwaruzi. Apoth huchanganywa na boo, yaani kunde, au na mboga nyingine iitwayo mito, kwa sababu peke yake ni telezi mno kwa walio wengi. Mpishi huinua mwiko: mboga ikivutika na kukatika taratibu, imekuwa.

Hapa nasimama upande wa daktari. Alikali ile ile inayohifadhi rangi huiharibu vitamini C na vitamini B1. Magadi ni chumvi ya sodiamu pia, na mwenye shinikizo la damu anayajumlisha na chumvi ya kawaida bila kuhesabu. Tena magadi ghafi huwa na floridi nyingi; kaskazini mwa Tanzania, ambako hutumika sana kulainisha maharage na mboga, wataalamu wa meno wameyahusisha na meno ya watoto kuingia madoa ya kahawia. Apoth inahitaji chembe chache tu. Anayeweka kijiko kizima ili mboga iive kabla ya taarifa ya habari anaipunja familia yake, na kusema hivyo hakumkosei heshima mpishi yeyote.

Kuna jambo la jiografia ambalo wapishi wanaotoka Mombasa hulitambua kwa mikono kabla ya kuambiwa. Kisumu iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,130. Katika mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi badala ya 100. Mboga na maharage huchukua muda mrefu kidogo kuiva, na ushauri wa dakika kadhaa uliopimwa pwani au Ulaya hauwezi kuhamishwa hivi hivi.

Na upishi wa kukaanga? Ulikuja na mji. Reli ilipofika ufukweni mwaka 1901 na bandari ikachangamka, kabichi, nyanya, kitunguu na baadaye mafuta magumu ya kopo yakawa chakula cha mfanyakazi mwenye muda mchache na chumba kimoja. Hakuna aibu katika hilo. Sukuma wiki na kabichi hupendeza zikikaangwa upesi, kwa kuwa joto kali la muda mfupi huziachia vitamini C nyingi kuliko kuchemshwa katika maji tele yanayomwagwa. Nyanya yenyewe ina haki yake, maana asidi na vitamini C yake husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye majani, na limau hufanya hivyo hivyo. Ninachokilalamikia ni desturi ya hoteli nyingi za mjini ya kuzitia osuga, dek, kunde na sukuma wiki kwenye nyanya, kitunguu na unga wa viungo wa aina moja, mpaka mlaji akifumba macho hawezi kusema amekula nini. Mboga za ladha nne zimefanywa mboga moja.

Tukifika hapa wengine husema: ulimi ni wa mtu, usimpangie. Ni kweli kwa sehemu. Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox wa kampuni ya DuPont, Marekani, alimwaga unga fulani maabarani. Mwenzake akalalamikia uchungu hewani, Fox mwenyewe hakuhisi chochote. Baadaye ilijulikana kuwa tofauti hiyo hurithiwa, na jeni inayohusika zaidi inaitwa TAS2R38. Jeni hiyo hutengeneza kipokezi cha uchungu wa kundi la haradali na kabichi, kwa hiyo mtoto mmoja anaweza kukunja uso kwa mboga ambayo ndugu yake anaiona tamu, na hakuna anayedeka.

Ila urithi hausemi yote. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake wa kituo cha Monell, Philadelphia, walichapisha utafiti ambamo baadhi ya akina mama walikunywa maji ya karoti wakati wa ujauzito au wa kunyonyesha. Watoto wao walipoanza kula, walikubali uji wenye ladha ya karoti kwa urahisi zaidi kuliko watoto ambao mama zao walikunywa maji matupu. Ladha hupita tumboni na kwenye maziwa ya mama. Sasa kumbuka kwamba katika ukanda huu mzazi aliyetoka kujifungua hupikiwa dek na osuga kwa wingi. Mtoto wa Nyando au Rarieda huanza kuujua uchungu huo kabla hajaota jino. Mwenzake aliyezaliwa mtaa wa mjini ambako mama alikula kabichi na chapati hukutana nao ukubwani, kwenye sahani ya shule, bila maziwa. Akiukataa, tusimlaumu upesi.

Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Maseno karibu na Kisumu kabla ya kuhamia kile cha Jomo Kenyatta, alizitetea mboga hizi wakati wakulima wengi waliosoma walikuwa bado wanaziita magugu. Umoja wa Afrika ulimtunuku kwa kazi yake ya kisayansi mwaka 2010. Mwaka 2021 UNESCO nayo iliiandika juhudi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora. Mbegu zimeokolewa kwa kiasi kikubwa. Mafungu yamejaa Kibuye. Mapishi ndiyo yanayopungua, kwa sababu yalikaa kichwani na mikononi mwa watu.

Kwa anayeanza, ningependekeza hivi. Osuga yako ya kwanza ichanganye nusu kwa nusu na ododo, uichemshe kwa maji machache ili kusiwe na ya kumwaga, uinyweshe maziwa mara mbili, na uile jioni ile ile. Ukitaka ilale, ipoze upesi, ihifadhi mahali pa baridi, na kesho uichemshe hadi itokote kabla ya kuongeza maziwa mengine, maana joto la Kisumu huyachachisha vibaya maziwa yaliyoachwa mezani. Kwa mtoto asiyeuzoea uchungu, punguza osuga na uongeze ododo, kisha ugeuze kipimo kidogo kidogo kadiri anavyozoea.

Juma lijalo tutazungumzia boo na osuga zilizoanikwa juani kwa ajili ya miezi ya ukame, na kwa nini kuzianika kivulini ni bora zaidi.